Swichi za mtandao na usalama wa amri zake

SWICHI ni kifaa kinachounganisha tarakilishi, printa na simu za ofisi katika mtandao mmoja. Mhandisi huipa maagizo kwa kuandika amri, moja baada ya nyingine. Penye swichi mia moja, kazi hiyo aghalabu huachiwa programu kama vile Ansible, iliyotolewa mwaka wa 2012, ambayo huingia katika kila swichi na kutekeleza amri zile zile kwa muda mfupi.

Je, programu hiyo iingie kwa njia gani?

Awali, wahandisi walitegemea Telnet, itifaki iliyoanza mwaka wa 1969. Kasoro yake ni kwamba hupitisha kila kitu wazi, neno la siri likiwemo. Aliyetega sikio njiani hulisoma kama barua isiyo na bahasha. Mnamo 1995, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, alibuni SSH baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. SSH hufumba mazungumzo yote.

Hatari ya Telnet haikuisha. Mnamo Machi 2017, kampuni ya Cisco ilitangaza dosari iliyomwezesha mvamizi kutwaa zaidi ya aina 300 za vifaa vyake, nyingi zikiwa swichi, kupitia Telnet. Ilishauri Telnet izimwe na SSH itumiwe.

Hata hivyo, SSH pekee haitoshi. Kwanza, neno la siri lisiandikwe wazi ndani ya faili za programu. Ni bora kutumia jozi ya funguo: wa umma huwekwa kwenye swichi, nao wa siri hubaki kwa msimamizi.

Pili, swichi nayo ina ufunguo wa kuitambulisha. Programu ikikuta ufunguo isioujua, husita. Baadhi ya wahandisi huzima ukaguzi huo ili kazi isikwame, na hapo mvamizi anaweza kujifanya swichi na kupokea siri za mtandao. Heri funguo hizo zikusanywe mapema, mhandisi akiwa ameunganishwa na swichi kwa waya, kisha ziorodheshwe.

Tatu, programu ipewe mamlaka ya kazi yake tu, na amri mpya zijaribiwe kwanza kwenye swichi moja. Kosa la mkono huzima swichi moja. Kosa la programu huweza kuzima zote.