Kufuata Nyaya za Umeme, Suswa hadi Sarima

Chini ya mlima Suswa, katika kaunti ya Narok, pana kituo cha umeme ambapo nyaya za volti laki nne kutoka Loiyangalani hufikia mwisho wa safari yake. Ni kilomita 428. Zinaanzia Marsabit, zinakata Samburu, Laikipia, Nyandarua na Nakuru, ndipo ziingie Umaasaini. Anayeijua historia ya Wamaasai hawezi kuitazama ramani hiyo akatulia. Upande wake wa kusini, toka Laikipia hadi huku chini, unakaribiana mno na njia walizoswagwa Wamaasai na mifugo yao kati ya 1911 na 1913. Nimeufuata mstari huo kinyume, kusini kwenda kaskazini, kwa kuwa naamini kisa cha umeme wa upepo na mvuke nchini Kenya hakieleweki bila kisa hicho cha kale.

Tuanze na reli. Njia ya chuma ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikiwa imepasua katikati ya malisho ya Naivasha na Nakuru. Serikali ya Mwingereza ilitaka walowezi wa kulima kando ya reli ili gharama zake zirudi. Tarehe 10 Agosti 1904 ukatiwa saini mkataba: Wamaasai waondoke katika Bonde la Ufa, wagawanywe katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Waliotia saini kwa niaba ya Wamaasai waliongozwa na Olonana, laiboni (kiongozi wa ibada na uaguzi) ambaye Waingereza walimhesabu kuwa chifu mkuu, ingawa Wamaasai hawakuwa na cheo cha namna hiyo. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukumaliza miaka saba.

Laikipia ilikuwa nzuri kupita kiasi. Walowezi waliitamani, na Gavana Percy Girouard akawatafutia njia. Olonana alifariki Machi 1911, na serikali ikatangaza kwamba wosia wake ulikuwa watu wake wahame Laikipia. Aprili 4 mkataba wa pili ukatiwa saini. Mwaka huohuo safari ikaanza, ikakwama kwenye baridi na mvua za Mau, ambako watu na wanyama walikufa, ikarudiwa 1912 na kumalizika 1913. Maelfu ya watu walitembea, pamoja na mifugo iliyozidi milioni moja ukihesabu kondoo.

Kiongozi mmoja alikataa kunyamaza. Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwita Legalishu, pamoja na wenzake walitafuta mawakili na kwenda mahakamani. Kesi ilitupwa 1913, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwezi Desemba. Hoja ilikuwa hii: mikataba ile ni ya dola na watu wa nje, basi hakuna mahakama ya koloni inayoweza kuihukumu. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara hasira hunipanda. Watu walihesabiwa kuwa taifa huru siku ya kutoa ardhi, na taifa hilohilo likakosa mlango wa kubisha siku ya kuidai.

Kutoka Suswa, ukielekea kaskazini, moshi mweupe wa Olkaria unaonekana kabla ya ziwa Naivasha. Hapa ndipo ardhi inapopumua. Visima vya kwanza vilichimbwa 1956, havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikalala hadi miaka ya sabini. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme 1981, megawati 15. Miaka mitatu baadaye eneo jirani likawa mbuga ya taifa ya Hell's Gate. Wafugaji waliokuwa wameendelea kuishi humo, juu ya ardhi ambayo kisheria ilikuwa imeshaandikwa majina ya wengine, wakabanwa pande mbili: huku mabomba ya mvuke, huku uzio wa wanyamapori.

Mwaka 2014, kwa ajili ya Olkaria IV yenye megawati 140, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishiwa mahali panapoitwa RAPland, ekari 1,700. Walijengewa nyumba za mawe takriban 150, shule na zahanati. Kwa jicho la mgeni hayo ni maendeleo, na sitakataa kwamba bati ni bati na maji ya bomba ni maji. Lakini ardhi yenyewe ina makorongo ambamo ng'ombe hawezi kuchungwa kwa amani. Watu waliokuwa wakiuza shanga na kuwaongoza watalii walitupwa mbali na riziki hiyo, na hati ya ardhi ilichelewa kufika mikononi mwao. Walilalamika kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimekopesha fedha. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikubali kwamba kanuni za benki hiyo zilivunjwa, zikiwamo zile zinazolinda watu wa asili, na kwamba wazee wa kimila hawakupewa nafasi yao katika mashauriano. Yakafuata mazungumzo ya upatanishi, na makubaliano yakafikiwa 2016.

Nalirudia hilo la wazee kwa sababu ndilo kiini. Mwaka 1904 serikali ilijichagulia mtu wa kuzungumza naye, ikamwita chifu. Kwa uhamisho wa 2014 ziliundwa kamati za mradi. Katika miaka hiyo yote mamlaka ya kimila, yenye utaratibu wake wa kukaa, kubishana na kuafikiana, ilikuwapo palepale kwenye kivuli cha mti.

Kinangop, upande wa pili wa ziwa, sasa ni ya wakulima wadogo. Kampuni moja ilitaka kusimamisha mitambo ya upepo ya megawati 60 huko. Wakazi waligoma, maandamano yakagharimu maisha, na mradi ukafutwa 2016. Wakulima hao walikuwa na kitu ambacho wafugaji wengi hawana: hati ya shamba, moja moja, kabatini. Kule Kipeto, Kajiado, Wamaasai wenye hati zao walikodisha mashamba, wanalipwa, na sehemu ya faida inaingia katika mfuko wa jamii. Mitambo 60 inazunguka huko tangu 2021. Upepo ni uleule.

Laikipia nyaya zinapita kwenye nchi ambayo bado ina mashamba makubwa yaliyozaliwa na hatua ya 1911. Sitakaa hapo. Mbele yake nchi inashuka, nyasi zinaisha, mawe meusi ya volkano yanaanza.

Machi 1888 msafara uliotoka Pangani mwaka uliotangulia, wa wavumbuzi wa Kizungu Teleki na von Höhnel, uliwasili huku, kwenye ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi wa pwani, Waswahili, na pamoja nao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Wazungu wakaliita ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, ilhali Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo walikuwa na majina yao. Upepo wa huku ulisumbua hema za msafara usiku kucha. Karibu miaka mia baadaye, 1982, wanasayansi Kinuthia na Asnani walieleza chanzo chake: mkondo wa hewa unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Afrika Mashariki, ukapita kwa kasi karibu na ardhi. Wafugaji hawakuhitaji kuelezwa. Wamejenga vibanda vyao kwa kuinamia upepo huo vizazi kwa vizazi.

Mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power inatoa megawati 310. Nakubali bila kusita kwamba ni kazi kubwa. Kenya inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake bila kuchoma mafuta, na ukame uliowaua ng'ombe wa Marsabit kuanzia 2020 unaonyesha kwa nini dunia inahitaji mitambo kama hii. Lakini ekari 150,000 zilizotengwa kwa mradi zilikuwa ardhi ya udhamini. Baraza la kaunti lilikuwa mdhamini tu, na wenyewe walikuwa wananchi. Sheria ilitaka tangazo, vikao, bodi ya ardhi ya tarafa, fidia, na taarifa katika gazeti la serikali. Kijiji cha Sarima, kilichokuwa kando ya njia ya mitambo, kilisogezwa. Umeme ukaanza kusafiri kusini 2018, na nyaya za volti laki nne haziwezi kushusha taa kwenye manyatta zinazopita juu yake.

Wakazi wa eneo la Laisamis, Marsabit, walifungua kesi 2014. Tofauti na Ole Gilisho, walipewa masikio. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria, ikaipa serikali ya kaunti, Tume ya Ardhi na wengineo mwaka mmoja kurekebisha utaratibu, la sivyo hati zifutwe na ardhi irudi kwa jamii. Mwaka ukaisha. Ombi la kuongezewa muda lilikataliwa Mei 2023.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, inasema mkataba wa uwekezaji juu ya ardhi ya jamii hauna nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali katika mkutano wao. Mitambo imekwisha simama, na hakuna anayetaka kuing'oa. Hilo haliondoi haja ya mkutano. Wazee, kina mama na vijana wa pande za Sarima wakae, wazungumze kwa Kisamburu, Kiturkana, Kirendile, wataje kodi wanayoitaka kwa kila ekari na njia ipi ya mifugo ibaki wazi kuelekea ziwani, na anayetaka upepo wao aje asikilize akiwa ameketi chini pamoja nao.