Mchunga: Mboga Chungu Iliyofuata Jembe Masasi na Newala

Historia ya Masasi na Newala aghalabu husimuliwa kwa mambo yaliyovuma: misafara ya watumwa iliyoteremka kwenda Kilwa, misheni, uvamizi wa Wangoni, vita vya Maji Maji, na hatimaye korosho. Ni haki isimuliwe hivyo. Lakini chini ya mambo hayo, usawa wa kifundo cha mguu, umeota mmea ambao jina lake msomaji wa visiwani hahitaji kufasiriwa: mchunga. Unguja na Pemba tunaujua. Kilifi na Malindi wanaujua, na Wagiriama huuita mutsunga. Kusini nako, kutoka Lindi hadi kingo za Ruvuma, unachumwa. Hutajwa kuwa mboga pori, na wakulima wengi huuita gugu. Nadai katika makala haya kwamba majina yote mawili yanaudhulumu. Mchunga umeishi na jembe muda mrefu mno kuitwa wa porini, na umelisha watu wengi mno kuitwa gugu.

Kwanza tuutambue. Wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta. Ni wa jamii ya alizeti, na nduguye wa karibu ni saladi ile ya majani iuzwayo sokoni. Majani yake ni marefu na membamba, mengine yamechanika pembeni kama yaliyokatwa kwa mkasi. Ua lake ni dogo, la manjano, na likikomaa hutoa mbegu zenye nyuzi nyeupe zinazopeperushwa na upepo. Ukilivunja jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa, na humo ndimo ulimo uchungu wake. Katika jamii hiyohiyo imo mimea ya miiba ambayo watu wa kandokando ya Bahari ya Kati huivua miiba yake wakaipika, na mbegu za mmoja wao hutumiwa hadi leo kutengenezea dawa ya ini. Mchunga ni binamu yao aliyezaliwa kwetu.

Usichanganywe na mbaruti. Mbaruti nao una ua la manjano na hupenda ardhi iliyovurugwa, hata Biblia ya Kiswahili ilipohitaji jina la mmea mkavu wa miiba ililiazima jina lake. Lakini asili ya mbaruti ni bara la Amerika, utomvu wake ni wa manjano, nao una sumu. Utomvu mweupe na utomvu wa manjano: tofauti hiyo ndogo huwatenga mlo na maradhi.

Sasa tufike penye kiini cha hoja. Mchunga haupendi msitu mnene. Huota penye shamba, kando ya njia, nyuma ya nyumba, palipowahi kupita mkono wa mtu. Una mizizi itambaayo chini kwa chini, na kila kipande chake kina uwezo wa kuchipua. Mkulima anapolima, jembe huikata mizizi hiyo vipande vipande na kuitawanya, na mvua ya kwanza ikinyesha kila kipande huwa mche. Hivyo anayedhani ameung'oa ndiye aliyeupanda. Ndiyo maana wenye karanga na mihogo huulalamikia, na ndiyo maana pia mwanamke wa shambani hapati taabu ya kuutafuta. Anapalilia kwa mkono mmoja, anachuma kwa mwingine, na jioni magugu ya mchana ni kitoweo.

Ardhi yenyewe tuitazame. Masasi imekaa chini, magharibi mwa uwanda wa Makonde, kati ya milima ya mawe iliyosimama peke peke. Newala imekaa juu, ukingoni kabisa mwa uwanda huo, penye bonde liitwalo Shimo la Mungu, ambako macho huteremka hadi Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua hunyesha, lakini maji hupenya yakapotelea chini, wala hakuna mto wa kuyashika. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka na kupanda magenge hayo kutafuta maji kwenye chemchemi za chini. Mahali kama hapo, mboga isiyotaka kumwagiliwa haikuwa jambo dogo.

Ndipo mwaka 1876 visiwa na Masasi vilipokutana kwa namna ambayo hatuna budi kuikumbuka. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yuleyule aliyeandika juu ya sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja, aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishukia Lindi wakapanda bara. Nia yao ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipoiona Masasi wakakaa. Wengi wao walikuwa wamepita njia zilezile utotoni wakienda pwani kama mateka, na sasa walirudi wakiwa na jembe begani na Kiswahili cha Unguja mdomoni. Walifyeka, wakajenga, wakalima. Kila palipolimwa pakawa makao ya mchunga.

Mwaka 1882 Wangoni ambao wamisheni waliwaita Magwangara waliivamia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, nyumba zikachomwa. Chauncy Maples, mkuu wa misheni hapo, akahamia Newala na sehemu ya waliosalia, chini ya himaya ya Matola, mkubwa wa Wayao wa huko. Miaka ishirini na mitatu baadaye, 1905, vita vya Maji Maji viliifikia Masasi, na misheni ikachomwa tena. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala, njaa ikaenea kusini. Kisha mwaka 1917 majeshi ya Ujerumani na Uingereza yalifukuzana katika nchi hiyo hadi Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi wa Novemba, na popote majeshi yalipopita nafaka ilichukuliwa pamoja na watu wa kuibeba.

Ghala huchomwa, mtama huchukuliwa, mbuzi huswagwa. Mzizi ulio chini ya udongo hauchomeki wala haubebeki. Shamba lililokimbiwa halikai tupu, na miongoni mwa viumbe vya kwanza kurudi mahameni ni mchunga, kwa kuwa haukuondoka. Anayerejea baada ya vita hukuta majivu juu na mboga kati ya majivu. Kusini kuna hazina nyingine za namna hiyo: ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa wakati wa kiangazi na hadi leo huuzwa vimechemshwa katika masoko ya Newala na Masasi, na ndiga, vyenye sumu, ambavyo havifai kuliwa mpaka viloweshwe siku kadhaa kwa ustadi. Lakini ming'oko na ndiga hufuatwa vichakani. Mchunga umo mlangoni, na mtoto, mzee au mjamzito asiyeweza kwenda mbali anaufikia.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Masasi, Chingulungulu na Newala, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Alivistaajabia vichaka vya uwanda wa Makonde, vilivyosongana hata mtu asipenye bila panga. Akatambua kwamba havikuwa msitu wa tangu na tangu, bali ni mazao ya kilimo chenyewe: Wamakonde hufyeka, hulima miaka michache, huhama, na kichaka hurudi. Msomaji akilishika hilo atauelewa mchunga. Kati ya siku mtu anapoacha kulima na siku kichaka kinapofunga, shamba halina mazao ya kuuza wala msitu wa kuwindwa. Muda huo ndio wa mchunga.

Karne ya 20 ilileta mkorosho, mgeni aliyeletwa Afrika ya Mashariki na Wareno karne nyingi kabla, na ukautawala uwanda. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, wakawa mbali na mikorosho yao, bei ikaanguka, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika tani 20,000. Mikorosho ikazama tena vichakani. Baadaye salfa ya kupuliza na miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele viliirudisha, na msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000. Hesabu hizi zimo katika kila taarifa. Sahani iliyolishwa mboga chungu katika miaka ya mkorosho kulala haikupata kupimwa kwa tani, kwa sababu haikuuzwa.

Upishi wake ni elimu. Huchumwa majani machanga kabla ya ua, kwani likishachanua uchungu huzidi. Hukatwakatwa, huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa. Visiwani tunautia tui la nazi. Juu ya uwanda, ambako karanga na ufuta viko karibu kuliko nazi, huungwa kwa hizo na kuliwa na ugali wa muhogo. Wagiriama huuchanganya na mboga laini ili moja iishike nyingine. Lakini hakuna mpishi hodari anayeumaliza uchungu wote. Akiumaliza atakuwa amepika majani tu.

Na uchungu huohuo ndio dawa. Toka Tanga hadi kusini mizizi huchemshwa na kunywewa kwa maumivu ya tumbo na homa, na mlo wa mchunga hupewa aliyetoka ugonjwani ili hamu ya chakula imrudie. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Kenya wameupeleka maabara, wakiupima kwa malaria na kwa panya wenye sukari. Matokeo ya panya si cheti cha kumwachisha mgonjwa vidonge vyake. Ila yanaonyesha kwamba bibi zetu hawakuwa wakibahatisha.

Hatari ya mchunga leo si panga wala jembe. Hivyo viwili ndivyo vilivyoulea. Hatari ni dawa ya kuua magugu, inayopenya hadi mzizini, na ambayo imeenea kwa sababu inapunguza kazi ya palizi. Sina lawama kwa mkulima anayeupumzisha mgongo wake. Lakini shamba lililonyunyiziwa dawa halina kitoweo cha jioni, na jani lililookotwa chini ya mkorosho uliopulizwa salfa jana halifai kupelekwa jikoni. Hivyo mboga iliyokuwa bure kwa maskini inaondoka bila kutangazwa, na nafasi yake inachukuliwa na mboga ya kununua.

Dawa ya hilo ni nyepesi: tuupande kwa kusudi ulichopandwa kwa bahati. Chukua vipande vya mizizi wakati wa mvua, vifukie katika tuta la udongo laini, mbali na karanga kwa kuwa hutambaa, na uuzungushie mawe au mtaro. Kata majani mara kwa mara, usiache ua, nao utachipua tena kutoka chini. Mboga za asili nyingine zimekwisha pita njia hiyo. Mnavu na mgagani, zilizodharauliwa jana, leo zina mbegu madukani na watafiti wake huko Arusha.

Pamoja na tuta, tuyapande majina. Kimakonde, Kiyao na Kimakua vina msamiati wa mboga, mizizi na upishi ambao wenye nao wanazidi kuzeeka, na sisi washairi, tunaopenda kusema kwamba tunalinda lugha, tunayo kazi hapo iliyo kubwa kuliko kusahihisha vina. Wahenga wametuonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Masasi imechomwa mara mbili na Newala imetembelewa na majeshi, na mboga hii haikuwatupa watu wake. Haitakuwa haki watu wake wakiitupa wakati wa amani.