Swima: watu wasiohesabiwa tangu 1984

Julai 1984 makarani wa sensa walipita kaya kwa kaya katika Kongo, iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Kivu ilikuwa jimbo moja. Kivu Kusini ilizaliwa miaka minne baadaye, 1988, Kivu ilipogawanywa sehemu tatu. Makarani waliandika majina na umri, wakaondoka na madaftari yao, na taifa zima likatoka na hesabu ya watu takriban milioni 30. Hawakurudi tena. Julai 2024 miaka 40 ilitimia tangu sensa hiyo, na katika pwani ya Fizi mwezi huo ulipita kama mwezi mwingine wowote, wanawake wakianika ndagala mchangani na pikipiki zikikimbizana na mashimo ya barabara.

Anayetoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya taifa namba 5 hupita Swima, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Nyumba zimebanana kati ya maji na mlima kwa sababu nafasi yenyewe ni nyembamba. Kiutawala Swima imo katika sekta ya Tanganyika, moja ya sekta nne za teritwari ya Fizi, pamoja na Mutambala, Ngandja na Lulenge. Ukiuliza Swima ina watu wangapi utapewa majibu mengi. Ofisi ya sekta ina hesabu yake. Zoni ya afya ya Nundu ina ya kwake, inayotokana na wale tunaowaita reko, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kabla ya chanjo na kabla ya kugawa vyandarua. Mashirika ya misaada nayo huja na yao kila vita vinapolipuka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sensa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu sheria imeifanya hesabu kuwa mlango. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu vyombo vya utawala vilivyogatuliwa inasema kwamba mahali ambapo si makao makuu ya jimbo pakitaka kuitwa mji, pawe na wakazi wasiopungua 100,000 na miundombinu ya pamoja, kisha Waziri Mkuu atie saini. Kwa komini inatosha wakazi 20,000. Baraka, jirani yetu wa kusini, ilipita mlango huo Juni 2013 kwa amri iliyosainiwa na Waziri Mkuu Augustin Matata Ponyo, na leo ina meya na komini zake tatu: Baraka, Kalundja na Katanga. Vijiji vya ukanda wa juu, kuanzia Makobola kupitia Swima na Mboko hadi Lusenda, vimeungana kwa nyumba kiasi kwamba mgeni hajui alipovuka kutoka kimoja kwenda kingine. Lakini mji ni karatasi, na karatasi inataka namba.

Wageni waliandika habari za pwani hii zamani, kila mmoja kwa haja yake. Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walipita kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira wakitafuta chanzo cha Nile. Ubwari wakadhani ni kisiwa. Stanley alipozunguka ziwa 1876 akaonyesha kuwa ni rasi, na ile ghuba inayoitenga na Baraka akaiita kwa jina la Burton. Wazoba na Wabwari waliokuwa wakivua humo, na Wabembe waliokuwa wakiteremka kutoka milimani kuja kubadilishana mazao kwa samaki, hawakuulizwa ghuba yao inaitwaje.

Biashara ya watumwa ndiyo iliyoipiga pwani hii kwanza. Ujiji ilikuwa ng'ambo tu, na Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliitawala kaskazini ya ziwa kwa bunduki hadi aliposhindwa vitani 1894. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga misheni Kibanga, kando ya Ghuba ya Burton, wakaiita Lavigerieville, wakakusanya humo watoto na watu wazima waliowakomboa kwa kulipa. Walibatizwa na kuandikwa majina. Maradhi yakaifanya misheni ihamwe kabla karne haijaisha.

Wabelgiji walihesabu kwa ajili ya kodi. Kuanzia 1910 kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na ili adaiwe ilibidi aandikwe. Watu wakasogezwa kando ya barabara ambako karani angewafikia kwa urahisi. Amri ya Desemba 1933 ikazaa mfumo wa sekta tunaoutumia mpaka leo. Hapo ndipo vijiji vya pwani vilipopata umbo lake la uzi mrefu unaofuata barabara.

Kisha yakaja maasi ya 1964, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu miaka ile ndiyo inayoeleza kwa nini Fizi ilitazamwa na Kinshasa kwa jicho la mashaka kwa muda mrefu hivyo. Mei 1964 wapiganaji wa Simba waliichukua Uvira. Gaston Soumialot ndiye aliyekuwa kiongozi mkubwa wa upande huu, na Laurent-Désiré Kabila akapewa uwanja wa vita wa mashariki mwa nchi. Serikali ilipozirudisha Stanleyville na miji mingine, kipande cha Fizi na Baraka kilibaki mikononi mwa waasi, kikilishwa silaha kutoka Kigoma usiku.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965 mashua ilivuka kutoka Kigoma ikatua Kibamba, kusini mwa Baraka. Ndani yake walikuwamo Wakuba 14. Wote walikuwa wamepewa majina ya Kiswahili ili wasijulikane, na walianza kwa kuhesabu. Kamanda wa kikosi, Víctor Dreke, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Mtu wa tatu, aliyejitambulisha kama daktari na mkalimani, aliitwa Tatu. Huyo alikuwa Ernesto Che Guevara, waziri wa zamani wa Kuba, aliyekuwa akitafutwa na magazeti ya dunia nzima. Namba ya tatu ilichaguliwa makusudi, ili adui asimdhanie kuwa mkubwa. Waliobaki wakaendelea na Nne, Tano, Sita. Baadaye wakaja Siki, daktari aliyepewa jina hilo kwa ukali wake, na Tembo, aliyekuwa na mwili mkubwa. Kwa jumla walipita mia moja.

Kumbukumbu aliyoiandika Che kuhusu miezi ile saba ilikaa bila kuchapishwa hadi miaka ya 1990. Humo analalamika juu ya makamanda waliokaa Kigoma na Dar es Salaam wakati askari wao wapo milimani. Anaandika kuhusu dawa ambayo wapiganaji waliamini ingezigeuza risasi kuwa maji. Anaandika jinsi Leonard Mitoudidi, mkuu wa majeshi aliyeanza kuweka mambo sawa, alivyozama ziwani Juni 7 upepo ulipochafua maji. Siku 22 baadaye walishambulia Bendera, kwenye mtambo wa umeme, wakashindwa, na Wakuba wanne wakafa. Shajara walizokuwa nazo ndizo zilizothibitisha kwa adui kwamba Wakuba wapo. Kabila mwenyewe alikuja Julai, akakaa siku chache, akarudi ng'ambo.

Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare waliteremka kwa mashua karibu na Baraka, wakisaidiwa na ndege zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Vita vya Baraka vilikuwa vikali kuliko walivyotarajia. Oktoba Fizi ikaanguka. Tarehe 21 Novemba Tatu na wenzake wakavuka ziwa kurudi Kigoma.

Nimesoma maandishi ya pande zote mbili, ya mamluki na ya wanamapinduzi, na kila upande unajua idadi ya watu wake waliokufa, hadi mtu wa mwisho. Familia za Wabembe, za Wafuliiru na za wavuvi waliolala porini miezi kadhaa kwa kuogopa mabomu hazimo. Wapo kama wanakijiji, wapo kama wapagazi, wapo kama watu waliokimbia. Hilo linaniuma kila ninapozifungua kurasa hizo, kwa sababu wao ndio waliobaki hapa mashua zote mbili zilipokwisha kuondoka.

Kabila hakuacha. Mwaka 1967 aliunda chama cha PRP, akajenga maisha yake katika milima ya Hewa Bora, akitoza kodi na kuuza dhahabu. Katika miaka ile dunia ilimkumbuka mara moja tu, tarehe 19 Mei 1975, watu wake walipovuka ziwa usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti wa sokwe katika hifadhi ya Gombe, Tanzania. Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja waliletwa upande huu. Wote waliachiliwa kati ya Mei na Julai. Kwa majuma yale magazeti ya Ulaya na Marekani yalijua pwani hii ipo.

Watu wa Fizi waliendelea kulipa. Barabara haikutengenezwa. Wakati huohuo kutoka upande wa pili walikuwa wakiingia wengine: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na tena baada ya 1993.

Mwaka 1996 ziwa likageuka njia ya kukimbilia. Septemba ile Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, waliuawa Baraka, Lweba na Mboko. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa Oktoba 2010 imeyaandika hayo. Mwezi uliofuata vita viliingia, na maelfu ya wakazi wa pwani wakavuka kwenda Kigoma. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998 wengine wakawafuata. Ripoti hiyohiyo inasema kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya karibu, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, na inawataja wapiganaji wa kundi la waasi la RCD pamoja na jeshi la Rwanda. Makobola na Swima ni ukanda mmoja, na familia zimeoana. Kila mwisho wa mwaka watu hukusanyika Makobola kuwakumbuka, na kila mwaka huuliza kesi itafunguliwa lini.

Ng'ambo ndiko watu wetu walikohesabiwa. Katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma, kila kaya ilikuwa na kadi, namba ya kaya na idadi ya vinywa vya kulishwa. Mtoto akizaliwa aliongezwa. Mzee akifa aliondolewa. Yaani shirika la wakimbizi lilijua umri wa mtoto wa Swima vizuri kuliko Jamhuri aliyotoka. Oktoba 2005 meli za kuwarudisha zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka, na Lugufu ikafungwa 2009. Wengine hawakurudi: wamebaki Nyarugusu, au wamehamishiwa Marekani, ambako Kibembe kinasemwa leo makanisani katika miji ambayo wazazi wao hawakupata kuisikia.

Tangu hapo habari ni za haraka. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kutembea ilikaa Baraka ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 jela kwa ubakaji uliofanywa Fizi siku ya Mwaka Mpya, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi mbele ya mji wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia tena walifunguliwa kambi Lusenda, ikajaa upesi, ikabidi ifunguliwe nyingine Mulongwe. Ziwa likapanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024, likala nyumba za mstari wa kwanza pwani nzima. Kipindupindu kinarudi kila mwaka, kwa kuwa maji ya kunywa ni yaleyale ya ziwa.

Na hesabu? Iliyopo ya serikali ni ya wapiga kura. Tume ya uchaguzi, ambayo leo inaitwa CENI, imeandikisha watu wazima mara kadhaa tangu 2005, na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho tunachoonyesha kwenye kila kizuizi cha barabara. Walio chini ya miaka 18, ambao ndio wengi katika kila ua wa Swima, hawamo. Mtu hawezi kupanga madarasa, wala mabomba ya maji, wala komini, kwa orodha isiyokuwa na watoto.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule meli ya kwanza ilipotia nanga Baraka alitimiza miaka 18 mwaka 2023. Mapema mwaka huo mashine za CENI zilifika Kivu Kusini. Alipanga foleni, akaweka vidole vyake kwenye kioo, akatoka na kadi yenye picha yake. Kwa wengi wa rika lake ilikuwa mara ya kwanza nchi yao kuwaandika jina.