Waliovunjika Mgongo Walipoulizwa Wanataka Nini

Mwaka 1917, katika hospitali ya wachimba makaa huko Königshütte, Silesia, aliletwa kijana aliyevunjika mgongo mgodini. Ludwig Guttmann, mvulana wa Kiyahudi aliyekuwa akijitolea wodini, alianza kuandika habari za mgonjwa. Daktari akamwambia asijisumbue, kwani baada ya wiki chache mtu huyo atakuwa amekufa. Akafa kweli.

Daktari yule alisema lililokuwa likisemwa tangu enzi za Misri ya kale. Andiko la tiba la huko, lenye umri wa miaka ipatayo 3,600, linamtaja aliyevunjika shingo na kupooza mikono na miguu kuwa mtu asiyetibika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wanane kati ya kumi walioumia uti wa mgongo walikufa katika wiki za mwanzo. Wengi hawakuuawa na mfupa uliovunjika. Waliuawa na vidonda vya kulalia vilivyooza, na mkojo uliotuama kibofuni hadi ukaharibu figo. Kwa maneno mengine, waliuawa na kukosa uuguzi, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumuuguza mtu aliyekwisha kuhesabiwa mfu.

Guttmann, aliyekuja kuwa daktari, aliwakimbia Wanazi akaingia Uingereza mwaka 1939. Februari 1, 1944, Serikali ilimkabidhi kituo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na vibofu vihudumiwe kwa usafi mkali. Vifo vikapungua sana.

Lakini sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi ilianzia kwa wagonjwa wenyewe. Siku moja Guttmann aliwakuta wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wakigombea kitu sakafuni kwa fimbo za kutembelea, mchezo walioubuni wao. Daktari mkali huyo hakuwakataza, bali alijiunga nao. Julai 29, 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, majeruhi 16, wanawake wawili wakiwemo, walishindana kwa upinde na mshale katika uwanja wa hospitali. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifika Roma, na leo dunia inayajua kwa jina la Paralimpiki.

Hata hivyo Guttmann aliendesha kituo chake kama baba wa nyumba. Alipanga yeye, wagonjwa wakatii. Ilipita miaka kadhaa kabla ya sauti yao kupata chombo chake. Miongoni mwa waliocheza Roma alikuwamo Susan Masham, mwanamke aliyeanguka na farasi mwaka 1958. Mwaka 1974 alianzisha chama cha walioumia uti wa mgongo Uingereza, kikiongozwa na wenye majeraha hayo. Aliyetoka hospitali jana alipata wa kumwuliza yale ambayo daktari hajawahi kuyaishi: namna ya kuingia garini, ya kulala na mwenzi, ya kukabili aibu ya haja inapomtoka mbele za watu. Uswidi nako, Claes Hultling, daktari wa usingizi aliyeumia shingo mwaka 1984, alikwenda hatua zaidi kwa kuanzisha kliniki ya Spinalis, ambamo wenye majeraha walifundisha wenzao.

Utafiti ulichelewa zaidi. Kwa miongo mingi maabara na wafadhili walishika neno moja, kutembea. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyevunjika shingo mwaka 1995, aliliweka tumaini hilo mbele ya kamera za dunia nzima. Halafu mwaka 2004 ukachapishwa utafiti wa Kim Anderson, mwanasayansi wa Marekani ambaye mwenyewe amepooza tangu ajali. Aliwauliza watu 681 wanataka kurudishiwa nini kwanza. Waliopooza mikono na miguu waliweka mikono na vidole mbele ya vyote. Waliopooza miguu tu waliweka mbele tendo la ndoa. Kibofu na choo vilitajwa sana na makundi yote mawili. Kutembea hakukushika nafasi ya kwanza kwa kundi lolote.

Tafakari maana yake. Anayeweza kushika kijiko, kujipitishia mpira wa mkojo na kufunga kifungo cha shati hahitaji mtu wa kumlisha wala wa kumvika. Mtu mwenye miguu mizima hawezi kulitambua hilo kwa kukisia. Mei 2024, yakachapishwa matokeo ya majaribio ya kifaa kinachopeleka umeme shingoni kupitia ngozi. Washiriki walikuwa 60, na asilimia 72 yao waliongeza nguvu za mikono pamoja na uwezo wa kuitumia. Desemba mwaka huo Marekani iliruhusu kifaa hicho kuuzwa.

Kwetu, mwaka 2012 Mkenya Zack Kimotho, aliyepigwa risasi na majambazi na kupooza, aliondoka Nairobi kwa kiti chake, akashika barabara ya kuelekea Afrika Kusini. Alitaka Wakenya wachange shilingi milioni 250 ili walioumia uti wa mgongo wapate kituo cha utengamao nyumbani badala ya kukifuata huko. Safari ile ilikuwa ombi la mgonjwa, lililopelekwa barabarani na mgonjwa.

Kilimanjaro, wengi wanaofikishwa hospitali ya KCMC na majeraha haya wameanguka, wengine kutoka mitini. Wanarudi kwenye migomba na vijia vya mteremko, ambako kiti kilichoundwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali hakisogei. Mtafiti atakayepanda kwenda kuwauliza aende na daftari tupu, na muuguzaji wa nyumbani, ambaye mara nyingi ni mke au mama, naye aulizwe.