Amri Inapofutwa: Habari ya Mbiru ya Upare

Mtu mmoja, tuseme, alipigwa faini ya shilingi 20 barazani, naye asilipe. Baraza likatoa amri mbuzi wake akamatwe. Kabla mbuzi hajafunguliwa kamba, amri ile ikafutwa. Je, mtu huyo angali anadaiwa?

Wengi watajibu upesi kwamba deni limekwisha. Sivyo. Aliyefuta amri ya kukamata mali amezuia mkono tu. Faini yenyewe i pale pale, mpaka ilipwe, au ifutwe na mwenye mamlaka ya kuifuta. Na kama mbuzi amekwisha kuuzwa, kufutwa kwa amri peke yake hakumrudishi zizini. Mwenyewe hana budi kudai, na baraza liamue kama atarudishiwa thamani yake.

Tofauti hii yaonekana wazi katika habari za Upare. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baraza la machifu wa Upare, kwa idhini ya Serikali ya Kiingereza, liliweka kodi iliyoitwa mbiru, jina lililotokana na desturi ya kale ya kumtolea mtawala sehemu ya mali. Hapo kwanza kila mtu alilipa kiasi kimoja. Sasa kila mtu akapimiwa kwa kadiri ya mali yake, na watu wakanung'unika kwamba upimaji ule haukuwa wa haki.

Januari 1945, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani mpaka Same, penye makao ya Bwana Shauri, wakakaa huko wakingojea jibu. Wake zao waliwapelekea chakula, na huku nyuma wakabeba peke yao kazi za mashamba. Siku zikapita, shauri lisikatwe. Mwaka 1946 wanawake wenyewe wakasimama huko Usangi, wakamkabili Bwana Shauri, wakitaka jambo lile limalizwe ili waume zao warudi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, mbiru ilikuwa imeondolewa, na kodi ya kiasi kimoja imerudi.

Basi tazameni walilolitaka. Hawakukataa kodi yote. Walikataa namna ya kuipima. Lau wangaliomba wasikamatiwe mali tu, wangalirudi milimani na deni mgongoni, na mwaka wa pili wangalipimwa tena. Wao walilishika shina, si tawi.

Lakini hata shina likikatwa, liko neno la kukumbuka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1889 juu ya kufasiri sheria ilisema kwamba sheria ikifutwa, madeni na adhabu zilizopatikana zamani zake hazifi pamoja nayo, isipokuwa sheria mpya yasema vingine. Kanuni hiyo imo katika sheria za Tanzania hata leo.

Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba jambo "limefutwa", usishangilie kabla ya kuuliza maswali matatu. Kilichofutwa ni nini: amri ya kukamata, deni, au sheria yenyewe? Kimefutwa tangu siku gani? Na yaliyokwisha kutolewa yatarudishwa? Kisha uombe majibu hayo kwa maandishi, uyahifadhi pamoja na stakabadhi zako. Neno la mdomo hupeperuka, karatasi hukaa.