Hidrojeni Iliyokusudiwa Kusini

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, upande wa Salale, ambako leo ni wilaya ya Kibiti. Mikoko iliisitiri kwa miezi. Hatimaye ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Waingereza Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikakokotwa bara na jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck.

Jeshi hilo lilihitaji risasi na dawa. Meli mbili zilipenya zuio la Waingereza: Rubens upande wa Tanga mwaka 1915, na Marie huko Sudi mwaka 1916. Baada ya hapo bahari ikafungwa, na Ujerumani ikaamua kutumia anga.

Zepelini L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na shehena ya tani 15 hivi kwa ajili ya jeshi hilo. Ilielea kwa mita za ujazo 68,500 za hidrojeni, gesi ambayo yote pamoja haikuzidi sana tani 6. Safari ilipangwa kuwa ya kwenda tu. Joto la mchana jangwani huivimbisha gesi na kulazimu nyingine iachiliwe. Usiku hewa ikipoa, chombo huwa kizito, na L59 nusura ianguke kwa sababu hiyo. Kule kusini hapakuwa na hidrojeni ya kufidia. Mitungi ya chuma hubeba gesi iliyo kama asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo tani 6 zingedai mitungi ya tani 600 hivi, na hapakuwa na meli ya kuileta. Ndiyo maana chombo chenyewe kilikusudiwa kuvunjwavunjwa: kitambaa kiwe mahema, bitana bandeji, mifupa ya duralumini majengo. Mpango wa kijasiri, japo wa watu walioishiwa njia. Tarehe 23, magharibi ya Khartoum, amri ya redio iliirudisha. Ilitua Jamboli tarehe 25 baada ya kilomita 6,757, siku ileile Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma.

Tatizo la kuhifadhi hidrojeni lilibaki. Njia moja iliyochunguzwa ni ya maji: tangu mwanzoni mwa karne ya 19 ilijulikana kwamba maji yanaweza kuganda pamoja na gesi, na baadaye ikabainika kwamba huizingira gesi hiyo kama vizimba. Mgando huo huitwa hidrati. Kwa wenye mabomba ni kero: gesi ya Songo Songo, inayovuka Rufiji kwenda Dar es Salaam tangu 2004, hukaushwa kwanza, kwa sababu hidrati huweza kuziba bomba.

Hidrojeni ilidhaniwa ndogo mno kukaa humo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hukaa, hadi molekuli 4 katika kizimba kikubwa, ikafikia asilimia 5 hivi ya uzito. Masharti yake ni mazito: mgandamizo wa angahewa 2,000 na baridi ya nyuzi 24 chini ya sifuri. Mwaka 2004 ilibainika kwamba kiasi kidogo cha kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani huushusha mgandamizo hadi angahewa 50 hivi, katika nyuzi 6 juu ya sifuri. Lakini tetrahidrofurani hukalia vizimba vikubwa, na hidrojeni hubaki karibu asilimia 1 tu.