Ngano na Mizani: Historia ya Uzito katika Ugonjwa wa Siliaki

Kwa muda mrefu ugonjwa wa siliaki ulitambuliwa kwa macho na kwa mizani tu. Mtoto aliyekuwa amenawiri alianza kudhoofika katika mwaka wake wa pili: kinyesi kingi, cheupe na chenye harufu kali, tumbo lililofura, mapaja na makalio yaliyosinyaa, na kimo kisichoongezeka tena. Hali ya kuharisha chakula kisichosagika ilikwishaelezwa na Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki wa karne za kwanza baada ya Kristo, ingawa yeye aliiona zaidi kuwa maradhi ya wazee na wanawake.

Samuel Gee ndiye aliyewarudisha watoto katikati ya suala hili. Mwaka 1887, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, alitoa mhadhara ulioueleza ugonjwa huu kwa usahihi mkubwa, akasema wazi kwamba kama mgonjwa atapona, atapona kwa chakula. Alisimulia habari za mtoto aliyelishwa kome wa Kiholanzi kila siku msimu wao ulipokuwapo. Mtoto huyo alinenepa na kuchangamka, na msimu ulipokwisha akadhoofika tena. Mwaka uliofuata alikataa kabisa kuwala. Gee alikuwa karibu sana na jibu, lakini katika orodha yake ya vyakula vinavyofaa aliruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kuchomwa pande zote mbili, huku akikataza wali, ambao haumdhuru mgonjwa wa siliaki hata kidogo.

Katika miaka ya 1920 tumaini lilihamia kwenye ndizi. Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, alichapisha mwaka 1924 matokeo ya mlo uliojengwa juu ya ndizi mbivu na ulioondoa mkate, viazi na nafaka zote. Watoto waliokuwa wakikaribia kufa waliongezeka uzito, na kwa takribani miaka thelathini mlo wa Haas ukawa tiba mashuhuri nchini Marekani. Sifa zote zilikwenda kwa ndizi. Kilichowaokoa watoto hao ni kile kilichokosekana kwenye sahani, na kwa kuwa jambo hilo halikufahamika, waliodhaniwa wamepona walirudishiwa mkate na ugonjwa ukawarudia.

Aliyeitambua ngano ni Willem Karel Dicke, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya watoto ya Juliana mjini The Hague tangu 1936. Shaka yake ilianza kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1941 alikwishaandika kuhusu mlo usio na ngano. Kisha ikaja Njaa ya Majira ya Baridi ya 1944 na 1945. Baada ya mgomo wa wafanyakazi wa reli, wavamizi wa Kijerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mkate ukawa adimu, watu wakala bitiruti za sukari na vitunguu vya maua ya tulipu, na maelfu wakafa. Katika miezi hiyo ambayo karibu kila mtu alikuwa akikonda, watoto wenye siliaki walionekana kupata nafuu, na mkate ulipoanza kupatikana tena hali yao ikaharibika. Njaa haikumpa Dicke wazo lake, bali ilimthibitishia.

Ushahidi wenyewe aliujenga kwa subira. Katika tasnifu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950, alifuatilia watoto wachache kwa miaka, akichora uzito na kimo cha kila mmoja. Ngano ikiondolewa, mstari wa uzito ulipanda. Ikirudishwa, mambo hayakuharibika siku hiyohiyo: kwanza hamu ya chakula ilipungua, kisha kinyesi kikawa kingi, halafu mstari ukashuka. Kuchelewa huko kunaeleza kwa nini wazazi na madaktari wengi hawakuuhusisha mkate na maradhi. Pamoja na watafiti wenzake J. H. van de Kamer na H. A. Weijers, Dicke alipima pia mafuta yaliyopotea kwenye kinyesi, na mwaka 1952 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba kinachodhuru ni gluteni, protini ya ngano, wala si wanga wake.

Sababu ya kukonda ilionekana mwaka 1954, pale daktari John Paulley alipochunguza vipande vya utumbo vilivyochukuliwa wakati wa upasuaji. Vinyweleo vya ukuta wa utumbo mwembamba, vinavyofyonza virutubisho, vilikuwa vimeharibika. Mgonjwa aliweza kula vya kutosha na bado mwili wake ukabaki na njaa. Gluteni ikiachwa, vinyweleo huota upya kwa miezi, na kwa baadhi ya watu wazima kwa miaka. Mafuta, sukari na madini huanza kuingia mwilini na uzito hurudi.

Vipimo vya damu viliuonyesha ugonjwa mahali ambapo haukutarajiwa. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba asilimia 5.6 ya watoto wa Kisahrawi waliochunguzwa, watu wa Sahara Magharibi ambao wengi wao wanaishi kambini nchini Algeria, walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko kile cha Ulaya. Kambini ngano ni chakula cha kila siku, na udhaifu wa mtoto ni rahisi kudhaniwa kuwa uhaba wa chakula.

Sura ya mgonjwa aliyekonda nayo ikabadilika. Utafiti wa Ireland ya Kaskazini wa 2006, uliohusisha wagonjwa 371, ulikuta asilimia 5 tu walikuwa na uzito pungufu walipogunduliwa, na asilimia 39 walikuwa na uzito uliozidi. Baada ya miaka miwili ya mlo usio na gluteni, asilimia 81 ya walioufuata mlo huo walikuwa wameongezeka, wakiwemo wengi ambao tayari walikuwa wanene. Utafiti wa New York wa 2010 ulileta picha tofauti: theluthi mbili ya waliokonda waliongezeka, na zaidi ya nusu ya wenye uzito uliozidi walipungua. Wagonjwa wa huko walikuwa wakipata ushauri wa wataalamu wa lishe, na ni vigumu kuliona hilo kama jambo dogo.

Kile kinacholiwa badala ya mkate ndicho chenye uzito zaidi. Mikate na biskuti za viwandani zisizo na gluteni mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi, wa viazi au wa mchele, pamoja na mafuta na sukari. Nyuzinyuzi ni chache, na katika nchi ambazo unga wa ngano huongezwa chuma na vitamini, bidhaa hizi mara nyingi haziongezwi. Uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa 2002 uliwakuta watu wazima waliofuata mlo huo kwa miaka kumi, utumbo wao ukiwa umepona, lakini karibu nusu wakiwa na dalili za upungufu wa vitamini. Ndiyo maana sasa ufuatiliaji wa mgonjwa haukomi kwenye mizani: hupimwa pia chuma, foleti, vitamini B12 na vitamini D, na kwa watu wazima wengi uimara wa mifupa. Mahindi yasiyokobolewa, mtama, ulezi, kunde na maharage vina chuma na foleti, na kwa asili havina gluteni, mradi unga wake usisagwe kwenye mashine inayosaga ngano.